"Watanikodolea macho?" Jibu kwa msomaji anayetaka kwenda peke yake bafu la umma Tokyo

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa Tanga, mwezi wa kumi nakuja Tokyo kwa mafunzo ya maabara ya miezi mitatu. Natamani sana kuingia bafu la umma la Kijapani, lakini kila nikisoma habari zake naishiwa nguvu. Nasikia unavua kila kitu. Mimi hata mbele ya mama yangu sijavua tangu nilipovunja ungo. Nitakuwa peke yangu, Kijapani sikijui, ni mweusi, nimesuka rasta ndefu, na kabla ya safari kuna harusi ya dada yangu, kwa hiyo nitakuwa na hina mikononi na miguuni. Tena ni Muislamu, hilo la stara nalo linanisumbua. Watanikubali? Watanikodolea macho? Na nikikosea?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa nafasi uliyoipata.

Nianze na hayo macho, maana naona ndiyo yanayokutia tumbo joto kuliko yote. Watakutazama, ndiyo. Lakini ukijua wanatafuta nini, nusu ya hofu itakutoka. Bafu la umma huku lina mahodhi mawili matatu ya maji ya moto, na maji hayohayo wanaingia watu wote tangu mlango unapofunguliwa alasiri hadi unapofungwa usiku. Yanachujwa na kutiwa dawa, lakini hayamwagwi kila mtu akitoka. Ndiyo maana hakuna anayekoga ndani ya hodhi. Unakoga kwanza pembeni, kwenye mabomba, kwa sabuni na maji mengi. Ukishatakata ndipo unaingia kujiloweka. Wewe mtoto wa Kiislamu hilo halikupi shida: huingii kwenye sala bila udhu, na huku huingii majini bila kukoga.

Kwa hiyo mgeni akisukuma mlango wa kioo, vichwa vinageuka kuangalia jambo moja: huyu anaelekea kwenye mabomba, au anakwenda moja kwa moja majini? Kazi yangu ni kutembeza wageni, na hili nimelishuhudia sana. Bibi amekaa kwenye kona ya hodhi, maji shingoni, kitaulo kimekunjwa juu ya kichwa. Mgeni anaingia, bibi anafungua jicho. Mgeni anachukua kigoda, anakaa, anapaka sabuni, povu linaanza kushuka mgongoni. Bibi anafumba jicho, basi. Mgeni huyohuyo angepita mabomba akachovya mguu majini, angesikia sauti, na sauti hiyo isingehusu rangi yake wala umbo lake. Miili yenyewe wameizoea. Kuna waliozaliwa na kuzeekea kwenye bafu hilohilo, wameona makovu ya upasuaji, matumbo ya waja wazito na migongo iliyopinda, na wako wote katika hali hiyohiyo uliyo nayo wewe.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: koga kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Hata kama umetoka kuoga bwenini, kaa pale ujisugue kama umetoka shamba. Waone povu. Hakuna kibali kikubwa kuliko hicho.

Sasa uende wapi? Kuna aina mbili ambazo wageni huzichanganya. Onsen ni chemchemi ya asili. Kwa sheria ya mwaka 1948, maji yanayotoka ardhini yanahesabiwa onsen yakiwa na joto la nyuzi 25 au zaidi pale yanapotokea, au yakiwa na angalau kimoja kati ya viambato 19 vilivyotajwa kwa kiwango kilichowekwa. Sento ni bafu la mtaa: maji ya kawaida, mara nyingi ya bomba au kisima, yanachemshwa na watu wa mtaa wanakuja kuoga. Wageni wengi hukimbilia onsen kwa sababu ndizo zinazopendeza kwenye picha, milima nyuma na theluji kando. Kwa mtu mwenye hofu na aliye peke yake, mimi nakupeleka sento. Hulali hapo wala huvai vazi la hoteli, hakuna mlo wa saa mbili wenye adabu zake, na ukichoka baada ya robo saa unavaa na kwenda zako. Tena bei yake huwekwa na serikali ya mkoa. Tokyo bei ya mtu mzima iliwekwa yeni 550 Agosti 2024, na ni ileile uwe mtalii au mstaafu wa mtaa huo.

Na wanakuhitaji, hilo usilisahau ukisimama pale mlangoni unasitasita. Mwaka 1968 Japani ilikuwa na sento karibu 18,000. Leo hazifiki 2,000. Nyumba zilipata mabafu yao wenyewe, gharama ya kuchemsha maji ikapanda, wenye mabafu wakazeeka na watoto wao wakaenda kufanya kazi nyingine. Mwenye sento anayeona sura ngeni anaona pesa ambazo hakuzitarajia.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya wasafiri havilitaji, na kwako wewe ni muhimu: mahali anapokaa mpokea pesa. Katika sento za zamani kuna kiti kirefu kinachoitwa bandai. Anayepokea pesa hukaa juu yake katikati ya ukuta unaotenganisha pande mbili, akiona vyumba vyote viwili vya kuvulia, cha wanawake na cha wanaume. Mara nyingi ni mama wa makamo, lakini anaweza kuwa mumewe au mwanawe. Watu wa hapa hawajali, wewe utajali. Sento nyingi za Tokyo zimeshabadilishwa: kaunta iko kwenye ukumbi wa mbele, unalipa ukiwa umevaa, halafu unapita pazia kwenda upande wako, na humo hakuna mwanaume anayekuona. Namna ya kutambua ni rahisi. Ukikuta mlango mmoja unaoingia ukumbini, ni wa mtindo mpya. Ukikuta milango miwili tangu mwanzo, mmoja wa wanawake na mwingine wa wanaume, kabla hujaona kaunta, huenda ni bandai. Geuka tu, tafuta nyingine. Sento ya Kosugi-yu iliyoko mtaa wa Koenji, iliyofunguliwa mwaka 1933, ina kaunta ya mbele, imezoea wageni, na hodhi lake la maji meupe kama maziwa ni zuri kwa anayeona haya, kwa kuwa ukishakaa ndani hakionekani kitu chini ya mabega.

Kabla ya hapo nataka uende mahali pengine kwanza. Huko Koganei, magharibi ya Tokyo, kuna makumbusho ya wazi ya majengo ya kale, Edo-Tokyo Open Air Architectural Museum. Humo wamehamishia sento nzima iitwayo Kodakara-yu, iliyojengwa mwaka 1929 mtaa wa Senju. Paa lake ni kama la hekalu, mtindo ulioenea Tokyo baada ya tetemeko kubwa la 1923. Maji hayamo. Unaingia na nguo zako zote, unatazama masanduku ya viatu, unapita chumba cha kuvulia, unaingia hadi ndani ya hodhi kavu ukitaka, halafu unavuka upande wa wanaume ambako katika maisha ya kawaida usingekanyaga. Kaa kwenye bomba. Tazama mlango uko wapi, kabati liko wapi, hodhi liko hatua ngapi kutoka bomba. Picha ya mlima Fuji iko ukutani, na ni desturi iliyoanzia kwenye bafu moja la mtaa wa Kanda mwaka 1912. Mtu aliyefanya zoezi hilo kavu huingia sento ya kweli akijua miguu yake inakwenda wapi, na kwa mwoga hilo ni jambo kubwa. Jumatatu kwa kawaida hufungwa.

Sasa tuingie pamoja, taratibu.

Mlangoni kutakuwa na pazia fupi la kitambaa, mara nyingi limeandikwa ゆ. Vua viatu kabla ya kupanda sakafu ya mbao. Usiikanyage na kiatu hata kidogo. Kuna masanduku madogo ya viatu, na ufunguo wake kwenye sento nyingi ni kibao cha mti kilichochongwa pengo pengo chini. Ukikichomoa, sanduku limejifunga. Usikipoteze.

Kwenye kaunta lipa taslimu, kwa sarafu au noti ndogo. Pengine kuna mashine ya tiketi. Sema "Konbanwa" ikiwa ni jioni, halafu sema "Hajimete desu", yaani ndiyo mara yako ya kwanza. Hayo maneno mawili yana kazi kubwa kuliko programu yoyote ya tafsiri. Mhudumu atakuonyesha kwa mkono, atakuuzia sabuni na kukukodisha taulo kwa yeni chache kama hukuja navyo, na mara nyingi atamwambia mama mmoja anayeingia akuangalie. Kama una la kuuliza kwa simu, uliza hapo kaunta, kisha simu iingie mkobani. Kwenye chumba cha kuvulia simu haitolewi kabisa, hata kutazama saa. Hilo ndilo kosa ambalo hutasamehewa.

Mapazia mawili: 女 ni wanawake, 男 ni wanaume. Kwa kawaida letu ni jekundu na lao ni la buluu, lakini usitegemee rangi, soma alama. Na ukija kulala siku moja kwenye nyumba ya wageni yenye onsen, jua kwamba nyumba nyingine hubadilisha pande usiku, ili kila mgeni aonje mahodhi yote. Bafu uliloingia jioni linaweza kuwa la wanaume asubuhi. Tazama pazia kila unapoingia, hata ukiwa na usingizi.

Chumba cha kuvulia kina makabati yenye ufunguo wa kamba ya mpira. Chagua la pembeni, geukia kabati lako, vua. Kila kitu. Ndiyo, na hiyo uliyoifikiria. Chupi na nguo za kuogelea haziruhusiwi sento, na ukiingia nazo ndipo utakapotazamwa kweli. Sekunde chache hizo, tangu nguo ya mwisho hadi mlango wa kioo, ndizo ngumu. Baada ya hapo ni mvuke na maji. Unachobeba ni sabuni, dodoki kama unalo, na kitaulo kidogo chembamba. Kitaulo hicho ndicho stara yako. Kishike mbele yako unapotembea, Wajapani wengi nao hufanya hivyo, hakuna atakayekuona mshamba. Taulo kubwa libaki kabatini.

Ukishaingia, vuta mlango uufunge nyuma yako. Ubaridi ukiingia watakulalamikia kwa sauti. Kuna rundo la vigoda na mabeseni, mara nyingi ya njano yaliyoandikwa Kerorin, dawa ya maumivu ambayo imejitangaza kwenye mabeseni hayo tangu miaka ya 1960. Chukua kigoda na beseni, chagua bomba lisilo na vitu vya mtu, suuza kigoda, ukae. Unakoga umekaa. Ukisimama maji yanamrukia jirani. Bomba la maji ya moto mara nyingi lina alama nyekundu, na yanaunguza kwelikweli. Changanya kwenye beseni kwanza, kisha jaribu kwa mkono. Bomba la mvua mara nyingi limefungwa ukutani, unalibonyeza linamwaga kidogo na kukata lenyewe. Bonyeza tena.

Hapo sasa ndipo suala la mafuta. Sisi wa pwani tunapaka nazi, tunapaka mafuta mazito, na sabuni moja nyepesi haiyatoi. Yakiingia kwenye hodhi yanaelea juu kama utando, na kila mtu anayaona. Siku ya kwenda sento usijipake asubuhi, na ukifika jisugue mara mbili kwa dodoki. Unaweza kupaka baadaye, chumba cha kuvulia, ukishajikausha.

Rasta zako haziharibu chochote ila zisiguse maji ya hodhi, na hilo linawahusu hata wao wenye nywele zilizonyooka. Zifunge juu utosini kwa kamba nene kabla hujavuka mlango wa kioo, halafu vaa kofia ya plastiki ya kuogea au zungusha kitaulo. Hulazimiki kuosha nywele. Kama rasta zinafika kiunoni, leta kamba mbili, maana ya kwanza italegea kwa mvuke wakati mikono yako imejaa sabuni. Na usishangae bibi akisema neno, akizunguka kidole hewani kuonyesha misuko, "kirei". Anasifia.

Ukimaliza, suuza kigoda na mahali ulipokaa, povu lote liende. Kisha hodhi. Sento za Tokyo zina maji ya nyuzi 42 hivi, na mengine yanazidi. Ni moto usioufahamu; Tanga hatuogi maji ya namna hiyo. Anza na hodhi lenye watu waliostarehe, siyo lile ambalo amekaa bibi mmoja peke yake mwekundu kama nyanya. Jimwagie kwanza maji ya hodhi miguuni kwa beseni, ingia polepole, kaa hadi kifuani, usitikisike, maana maji yakitulia mwili huvumilia zaidi. Dakika tatu zinatosha mara ya kwanza. Toka, kaa pembeni upumue, rudi ukipenda. Kitaulo hakiingii majini. Weka kichwani au ukingoni. Usizamishe kichwa wala usiogelee. Na ukiona bomba la maji baridi karibu na hodhi, usilifungue bila kuomba. Kuna wazee wanaopenda moto huo, na ugomvi mwingi wa sento za Tokyo huanzia kwenye bomba hilo.

Niache nisimame kidogo kwenye tahadhari moja. Sento nyingi zina hodhi dogo la umeme, denki-buro, limeandikwa 電気. Kuna vibao viwili ubavuni na mkondo mdogo wa umeme unapita majini. Misuli inakaza na kuchomachoma. Wazee wenye maumivu ya mgongo wanalipenda. Mgeni asiyejua huruka akipiga kelele akidhani nyaya zimekatika. Ukiona sehemu finyu isiyo na mtu, yenye maandishi mengi ya tahadhari, iache. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiingie humo kabisa.

Kunywa maji kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Ukihisi kichwa chepesi, usisimame ghafla. Kaa ukingoni, jimwagie maji ya vuguvugu miguuni. Mwenye shinikizo la damu au mjamzito aongee na daktari wake kwanza. Siku za hedhi usiingie hodhini.

Sasa hina. Kwa macho ya mhudumu wa bafu, hina ya harusi ya Tanga ni chale za rangi, na huku chale zina historia ya kuhusishwa na yakuza, yaani magenge ya wahalifu. Mwaka 2015 wakala wa utalii wa Japani uliuliza hoteli na nyumba za wageni, na asilimia 56 ya zilizojibu zilisema haziruhusu watu wenye chale kuoga. Mwaka 2013 mwanamke wa Kimaori kutoka New Zealand, mwenye alama za jadi za kabila lake usoni, alikataliwa kuingia onsen moja ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, na habari hiyo ikazua mjadala mkubwa nchini. Lakini tofautisha mahali na mahali. Sento za mtaa nyingi hazikatazi. Ni mabafu ya watu wote, na fundi wa mtaa mwenye joka mgongoni huoga pamoja na mwalimu. Wanaokataza mara nyingi ni mabafu makubwa ya burudani, hoteli na baadhi ya onsen. Ukiona picha ya mkono wenye michoro umepigwa mstari mwekundu, hapo ndipo pa kusema "hena desu" na kuonyesha kwamba ni rangi ya ngozi ya juu tu. Wengine wataelewa, wengine watashika kanuni. Kinosaki, mji wa onsen unaojulikana kwa mabafu yake saba ya umma, hauwabagui wenye chale.

Ila kwa nini uhangaike? Una miezi mitatu. Hina hufifia kwa wiki mbili au tatu. Tumia wiki hizo za kwanza kwenda Koganei, na kutafuta bafu la miguu: kituo cha treni cha Arashiyama kule Kyoto kina moja jukwaani kabisa, na miji mingi ya onsen inayo barabarani, bure. Unakunja suruali, unatia miguu, umevaa nguo zako zote. Ni njia nzuri ya kuonja moto wa maji kabla ya kuonja uchi. Na usije ukajirudishia hina au kupaka rangi ya nywele humo ndani ya sento. Mabango mengi yanakataza kabisa.

Kuhusu kukataliwa kwa rangi yako, nitakuambia kama ilivyo. Kuna bafu la Otaru, Hokkaido, lililoweka tangazo la kuzuia wageni kwa sababu ya fujo za mabaharia wa Kirusi. Watu watatu walishtaki, mmoja wao akiwa ameshachukua uraia wa Japani na bado alizuiwa kwa sura yake. Mwaka 2002 mahakama ya wilaya ya Sapporo iliamua kwamba huo ni ubaguzi kinyume cha sheria, ikaamuru kila mmoja alipwe yeni milioni moja. Matangazo ya namna hiyo kwenye mabafu ya Tokyo sijakutana nayo. Utakachokutana nacho ni udadisi: mtoto atakutazama bila kupepesa, mama yake atamvuta mkono kwa aibu. Bibi atauliza "Doko kara?" Mjibu "Tanzania", na jiandae kusikia habari za Kilimanjaro au kahawa. Anayesogea kando majini ukiingia, mara nyingi anakupisha upate nafasi, usiharakishe kumhukumu. Na kama kweli umekutana na mwenye roho mbaya, hilo ni lake, bomba la pembeni liko wazi.

La stara nimelichelewesha kwa makusudi, kwa sababu halina jibu langu. Mimi si sheikh. Wanazuoni wamezungumza mipaka ya awra, yaani sehemu za mwili zinazopaswa kusitiriwa, ya mwanamke mbele ya wanawake wenzake, na hawakubaliani wote, hasa wenzake hao wasipokuwa Waislamu. Muulize unayemwamini kabla hujapanda ndege. Ninachoweza kukuhakikishia ni hali halisi: sento ya kawaida haitakuruhusu kuzama na nguo kati ya kitovu na goti. Ukiona hilo halikai moyoni, usijilazimishe, kwa maana Japani ina njia nyingine. Nyumba nyingi za wageni zina bafu la kukodi kwa faragha, kashikiri, unafunga mlango kwa ndani na kuwa peke yako kwa dakika arobaini au saa nzima. Huko Hakone, mji wa onsen, zimejaa, na ni safari ya treni ya saa moja na nusu hivi kutoka Shinjuku. Onsen ya Sukayu kule Aomori huuza vazi maalumu la wanawake la kuingilia majini. Na Ibusuki, kusini kabisa Kagoshima, unalala ufukweni umevaa yukata, joho jepesi la pamba, wanakufukia kwa mchanga uliopashwa moto na chemchemi, unatoka jasho kwa dakika kumi hivi. Ukiivaa yukata hiyo, upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo wanavyovalishwa maiti, na mhudumu atakukimbilia akurekebishe.

Ukitoka hodhini, kamua kitaulo, jifute mwili mzima kabla hujavuka kurudi kwenye makabati. Sakafu ya chumba cha kuvulia inatakiwa kubaki kavu, na hili wageni wengi hulisahau kwa furaha ya kumaliza. Kikaushio cha nywele mara nyingi kinakula sarafu za yeni 10 au 20. Sema "Osaki ni" kwa waliobaki, kwamba umewatangulia kutoka. Ukumbini kuna jokofu la maziwa ya kahawa ya chupa. Nunua moja, keti kwenye benchi, nguvu zirudi kabla ya kuingia barabarani.

Umeniuliza pia ukikosea itakuwaje. Mtu atakugusa bega na kukuonyesha. Inamisha kichwa, sema "Sumimasen", fanya alivyoonyesha, imekwisha, hawaweki kinyongo. Na kwa kuwa najua tabia zetu, nakuonya mapema: usimwachie mhudumu bakshishi kwenye kaunta. Atadhani umesahau chenji, na atatoka nje na ndala akikukimbiza hadi kona ya barabara.